Mshale Uangalie Saa Tatu

Mume wangu ni fundi saa. Nyumbani kwetu kuna saa kumi na saba, zote zinatembea, na hakuna kinachochelewa isipokuwa wateja. Duka lake liko mtaa wa pili: mlango mmoja, meza moja, na kile kioo kidogo anachokibana jichoni akitazama vyuma ambavyo mimi, hata nikivaa miwani, naviona kama makombo ya mkate. Miaka thelathini na mmoja ameinama pale. Mtaani wanamwita Sekunde, kwa sababu ukimuuliza saa ngapi hakwambii saa nne na nusu kama watu wengine. Anakwambia saa nne na dakika ishirini na tisa, halafu anatazama tena na kukuongezea sekunde.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, na mdomo wangu, kama ndugu zangu wanavyosema, uko kila mahali. Nakubali. Hasira zangu ziko karibu; zinakuja haraka na kuondoka haraka, lakini zikishafika lazima ziseme. Mwezi wa kwanza zilisema neno ambalo halikupaswa kusemwa. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka dukani baada ya kuuza betri mbili tu siku nzima, na mimi nilikuwa nimetoka kuunguza gauni la mteja kwa pasi. Nikamwambia, "Baba watoto, funga hilo duka. Siku hizi hakuna mtu anayehitaji saa, kila mtu ana simu." Alivua kofia, akanawa, akala. Angenigombeza ningelala usingizi wangu. Tangu siku ile akawa hataji habari za duka mbele yangu, na mimi nikawa nashona huku lile neno limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa, sokoni kwetu kuna saa kubwa juu ya lango. Ilisimama miaka kumi na mmoja iliyopita, na ndege wakahamia ndani. Mwezi wa pili mwenyekiti wa soko, mama mmoja mpana asiyependa maneno mengi, alimletea mume wangu mashine ya ile saa: chuma kizito kama gunia la unga, magurudumu ya shaba, na nyundo ya kugongea kengele. Akamwambia, "Ukiiweza hii, kuna ya stesheni na kuna ya shule. Usipoiweza, tunaweka ya umeme yenye namba nyekundu."

Jioni ile mume wangu aliniambia jambo moja tu. Saa hii ikitembea, anaendelea na kazi. Isipotembea, anarudisha ufunguo wa duka kwa mwenye nyumba. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma kipimo cha kitambaa. Mimi ndiye niliyemwambia afunge, lakini nilipomsikia anakubali kufunga, nilitamani kuuficha ule ufunguo.

Alimaliza mwezi wa tano. Mashine ilitembea juu ya meza yetu ya kulia chakula siku sita bila kukosea, na mimi nikawa nashona kwa mdundo wake. Siku ya saba tukaifunga kwenye blanketi mbili, tukailaza kiti cha nyuma, tukaondoka.

Gari letu ni dogo, la bluu, umri wake sawa na wa kitinda mimba wetu, ambaye sasa hivi ana mke. Lilikuwa linadunda hata kwenye lami. Na kutoka kwetu hadi sokoni ni kilomita nane, matuta kumi na manne, mashimo sijawahi kuyahesabu. Tuta la tatu nikasikia tik, sauti ndogo kama uzi unavyokatika. Mimi sikujua ni nini. Yeye alijua. Akasimama pembeni, akafungua blanketi, akatazama, akalifunga tena. "Ncha ya mhimili," akasema. Mihimili ni vile vijiti vinavyobeba magurudumu ya saa. Ncha zake ni nyembamba kuliko sindano yangu ndogo kabisa, na alikuwa amezichonga zote upya kwa mkono. Tukageuza gari tukarudi nyumbani kwa mwendo wa msiba.

Kuchonga nyingine kulimchukua wiki tatu. Mwenyekiti akampa siku ya mwisho: Jumatatu, saa tatu asubuhi, saa iwe langoni na iwe inatembea. Baada ya hapo ni namba nyekundu. Utaniuliza kwa nini tusikodi pikapu. Pikapu isiyojaa inarusha mzigo kama kuku anavyorusha mchanga. Na kwa mikono, uzito ule kwa kilomita nane, labda abebe kaka yangu.

Kaka yangu anaendesha lori la tani kumi, na watu wanamwita Tani Kumi, ingawa si kwa sababu ya lori peke yake. Alikuja Ijumaa jioni, akaweka viganja viwili juu ya boneti, akabonyeza mara moja, akaachia. Gari likaitikia: chini, juu, chini, juu, chini, juu. Tukasimama watatu tukilitazama mpaka likachoka lenyewe.

"Shemeji," akasema, "mgonjwa si saa yako. Mgonjwa ni huyu. Shokapu za mbele zimekufa zote mbili, na naona hazikufa jana."

Akamwonyesha. Shokapu ni lile bomba lenye mafuta ndani, limevikwa springi nene, linalosimama kati ya gurudumu na bodi ili shimo la barabarani lisimfikie abiria. Zetu zilikuwa zimetapika mafuta yote, vumbi likaganda juu yake kama ukoko. Gereji ya jirani ilikuwa na foleni mpaka Alhamisi. Basi wakakubaliana: wananunua mpya mbili, na Jumamosi wanazifunga wenyewe, hapa hapa uani.

Nikamuuliza mume wangu, "Umewahi kufungua shokapu ya gari?"

"Springi ni springi," akasema.

"Springi ya saa ikiruka unapiga magoti unaitafuta chini ya meza. Hii ikiruka, sisi ndio tutakutafuta wewe."

Tani Kumi akacheka mpaka akashika ukuta, lakini aliniunga mkono. Alisema vibanio vya kubana springi ataviazima kazini kwake, ataviendesha yeye peke yake, na kazi hiyo itafanyika nyuma ya jikoni, mbali na madirisha na mbali na shemeji yake.

Jumamosi saa moja na nusu gari lilikuwa limeshainuliwa mbele na kukalishwa juu ya magogo, matairi ya nyuma yametiwa mawe. Ndipo nikajua nimeolewa na nani. Mume wangu alitandika kitambaa changu cheupe cha kukatia nguo, akatoa kabatini visahani vyangu sita vya chai, vile vyenye maua, akavipanga mstari na kila kimoja akakiwekea karatasi yenye namba. Kila bolti itakayotoka, kisahani chake. Kaka yangu amezoea kutupa nati zote kwenye kopo moja la rangi. Akimaliza kazi zikabaki mbili, anazitia mfukoni na kumshukuru Mungu.

"Shemeji, nati hii na ile ni mapacha," akasema.

"Mapacha wana majina mawili," mume wangu akajibu, akaiweka kwenye kisahani cha nne.

Visahani vikaisha, akaja jikoni kuchukua vikombe. Nikasimama mlangoni na mwiko. "Na chai mtanywea wapi?"

"Kwenye sufuria," akasema, kwa unyenyekevu kabisa. Nikampa vikombe. Mtu akijibu hivyo utamfanya nini?

Bolti moja kubwa ya chini ilikuwa imeshikwa na kutu ikakataa kabisa. Mume wangu alikuwa anaipaka mafuta kwa unyoya na kusubiri, anaipaka na kusubiri, kama anambembeleza mtoto anywe dawa. Tani Kumi akavumilia dakika kumi, halafu akachomeka bomba kwenye mkono wa spana na kuliegemea. Kitu kikalia kwaa. Nilidhani ni mgongo wake. Ilikuwa bolti, imelegea. Mume wangu akafunga kile chuma kinachobeba breki kwa lastiki yangu ya sketi ili kisining'inie kwa mpira wa mafuta, akafungua nati tatu za juu ndani ya boneti, na shokapu ya kwanza ikatoka na springi yake. Ilipofika zamu ya pili walikuwa wameshaelewana, mmoja nguvu, mmoja visahani.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Juu ya springi kunakaa sahani ya chuma, na kwenye ile sahani kumechongwa mshale mdogo. Shokapu ikifungwa kwenye gari, mshale lazima uangalie nje, upande wa gurudumu. Ukiangalia ndani, springi inakaa kombo. Mume wangu alikuwa amesoma hilo, akalichora, na kwa kuwa yeye dunia nzima anaiona kama uso wa saa, alichora uso wa saa. Gari likitazamwa kutoka juu, mbele ya gari ndiyo namba kumi na mbili. Akachora mstari kwa chaki yangu kwenye kila shokapu mpya kuonyesha mbele ni wapi. Halafu, kwa sababu mwandiko wake ni mdogo mno hata mchwa hawezi kuusoma, akaniomba niandike mimi vikaratasi viwili vya kufunga kwenye shokapu, kaka yangu avifuate huko nyuma ya jikoni. Mimi ninavyo vikaratasi vya kubandika kwenye nguo za wateja, upana wa vidole viwili. Akanitamkia, nikaandika kwa kadiri nilivyoona inatosha, nikavifunga kwa uzi mwekundu. Kimoja kilisema: Kushoto, mshale uangalie saa tatu. Cha pili: Kulia, mshale uangalie saa tisa.

Tani Kumi akaenda nyuma ya jikoni na mizigo yake. Alibana springi, akafungua za zamani, akavisha mpya, akakaza, akalegeza vibanio polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kitu chochote maishani. Niliichukua shokapu moja ya zamani nikabonyeza kile chuma chake cha katikati kwa kidole. Kikazama na hakikurudi. Miaka yote hiyo tulikuwa tumekalia kitu kilichokwisha kufa, tukilaumu barabara.

Mwisho akachukua kopo la grisi, akapaka juu, chini, pembeni, kila mahali palipokubali kupakwa. "Grisi haijamuua mtu," akasema. Mshale ukapotea chini ya grisi, na hakuna aliyeutafuta. Shokapu zikarudi mbele, visahani vikaanza kumwagwa kutoka cha mwisho kwenda cha kwanza, na hakuna nati hata moja iliyobaki. Kaka yangu alitazama kitambaa kitupu, nikaona ameguswa.

Wakashusha gari. Tani Kumi akabonyeza boneti. Chini, juu, basi. Likanyamaza pale pale. Mume wangu akabonyeza na yeye, mara moja tu, akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jaribio alilibuni yeye. Mimi nikae kiti cha nyuma, pale itakapokaa mashine, nikiwa nimepakata bakuli la maji lililojaa mpaka ukingoni. "Kwa nini nisiwe mimi niliyeshika usukani na wewe upakate?" nikauliza. Akasema kwa sababu mimi ndiye nitakayesema ukweli. Tukaondoka, Tani Kumi mbele kulia anaendesha, mume wangu pembeni yake amegeuza shingo analitazama bakuli.

Tuta la kwanza, maji yakatikisika kidogo. La pili, hivyo hivyo. Tulipopita lile la tatu, lile lenyewe, nilibana pumzi, na halikumwagika hata tone. Nilimwona mume wangu akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, nami nikajisikia nataka kulia na kucheka kwa pamoja. Halafu tukafika kwenye kona ya kiwanda cha matofali. Kaka yangu akakata usukani. Chini yetu kitu kikalia kwiiii, kikakaza, kisha kikajiachia dang, gari likashtuka, na bakuli zima likanimwagikia mapajani.

"Nimesema ukweli?" nikauliza.

Kona kutoka kwetu mpaka sokoni ni tisa, na mshtuko mmoja kama ule ungetosha kukata ncha.

Tuliporudi uani, mume wangu alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye chuma ndani ya boneti, na mpini sikioni. Ndivyo anavyosikiliza saa. Tani Kumi akazungusha usukani huku na huku. Mume wangu akasikiliza upande mmoja, akahamia wa pili, akarudi wa kwanza.

"Ya kulia inalia," akasema. "Na ya kushoto inalia."

"Ya kulia ilie tu, ndilo jina lake," kaka yangu akasema. "Hii ya kushoto inalia nini?"

Nilicheka nikiwa nimelowa vile vile. Mume wangu hakucheka. Alishaingiza kidole kwenye grisi, anaifuta polepole, mpaka mshale ukatokea. Ulikuwa unaangalia ndani, kwenye injini. Akaenda upande wa pili, akafuta. Nao ndani. Akageuka kumtazama shemeji yake, na mimi nikaona mambo yanakuja.

"Shemeji, kikaratasi kilisemaje?"

"Kushoto, saa tatu." Tani Kumi akanyoosha mkono wake, kwenye ile saa ya mkononi ambayo mume wangu mwenyewe alimtengenezea. Akagonga kioo kwenye namba tatu. "Hii hapa tatu. Nikaelekeza hapa."

"Saa tatu mshale mfupi unakuwa wapi?"

"Kwenye..." Akaitazama tena ile saa ya mkononi. Alipoanza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Kwenye tisa."

"Basi."

"Basi nini? Mimi sikuulizwa ni saa ngapi. Niliambiwa mshale uangalie wapi. Nikaona tatu imeandikwa, nikaenda kwenye tatu. Wewe ukimwelekeza mtu nyumba namba tatu, aende namba tisa?"

"Nyumba haina mshale."

"Na springi haina asubuhi wala jioni."

Walisimama pale, mwembamba na mpana, kila mmoja na hoja yake, na kila hoja ilikuwa ya kweli. Saa tatu ni saa tatu tangu tuzaliwe, na mshale unakuwa kwenye tisa tangu tuzaliwe, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona ajabu. Nusu ya uso wa saa ndiyo tofauti. Sahani zote mbili zilikuwa zimegeuzwa nusu duara kamili.

Mimi nilinyamaza. Watu wa kwetu wanajua kwamba kimya changu ni dalili ya homa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakumbuka vizuri alivyonitamkia: "Andika, mshale uangalie namba tisa, yaani saa tatu." Yote mawili alisema. Mimi nikaona karatasi ni ndogo na maneno ni mengi, nikakata, kama ninavyokata uzi uliozidi.

Mume wangu akakifungua kikaratasi kwenye ule uzi mwekundu. Akakisoma. Akanitazama mara moja, si kwa ukali, akakitia mfuko wa shati.

"Kosa langu," akamwambia kaka yangu. "Nilitamka vibaya. Samahani, shemeji."

Tani Kumi, ambaye alikuwa amejiandaa kwa vita, akakosa adui. "Na mimi grisi ilizidi," akasema. Nikaingia ndani kubadilisha gauni, nikakaa kitandani na aibu yangu. Ulimi wangu hauna breki, wala shokapu. Lakini siku niliyotakiwa kusema maneno mawili tu, nimeandika mimi, ulikauka.

Jumapili walirudia yote. Magogo, jeki, visahani, vikombe. Safari hii sikusimama mlangoni na mwiko; niliviosha na kuvipanga mwenyewe kwa namba, na mume wangu alipovikuta vimepangwa akaniambia nimekosea cha tano tu. Nyuma ya jikoni tulikuwa watatu. Kaka yangu alibana, mume wangu alishika sahani kwa mikono miwili, na hakuna aliyetaja saa yoyote. "Nje," mume wangu akasema. "Nje," Tani Kumi akaitikia. "Nje," nikasema mimi, nikachora mshale mwingine mkubwa kwa chaki juu ya ule mdogo, hata kipofu auone. Kufikia saa nane mchana nilikuwa kiti cha nyuma na bakuli. Kona zote tisa, na gauni kavu. Kaka yangu akasema wiki ijayo matairi yakapimwe yakae sawa, lakini kwa sokoni na kurudi hili ni godoro.

Jumatatu saa kumi na mbili na robo tuliondoka. Safari hii mashine ndiyo iliyokaa kiti cha nyuma kwenye blanketi zake, mimi pembeni yake nimeikumbatia kama mgonjwa. Mume wangu aliendesha mwenyewe. Kila tuta nilihesabu kwa moyo, na kwenye kona ya kiwanda cha matofali nilifumba macho. Hakikulia kitu. Saa moja kasoro tulikuwa langoni, akafungua blanketi, akaweka sikio, akasimama vile muda mrefu.

"Nzima," akasema.

Tani Kumi alikuja na ngazi ya lori lake. Aliibeba mashine begani mpaka juu peke yake, na mume wangu nyuma yake akimwambia taratibu, taratibu, kila kidato. Viota vilitolewa kwa heshima na kuhamishiwa kwenye paa la pili. Wauza vitunguu na wauza ndoo walikuwa wanapanga bidhaa chini, wengine wakitazama juu, wengine wakituambia tusiwaangushie nyundo. Mwenyekiti alifika saa tatu kasoro dakika kumi, akasimama mikono kiunoni, bila salamu ndefu. Mume wangu alisukuma mshale mrefu kwa kidole, akatazama saa yake ya mkononi, akangoja, halafu akaachia ile fimbo inayoning'inia chini ya mashine ianze kuyumba. Akashuka ngazi. Alipofika chini akasimama kando yangu, macho juu.

Saa tatu kamili kengele ikapiga. Soko zima lilitazama juu. Miaka kumi na mmoja ni mingi. Kulikuwa na watoto wa wauzaji pale ambao hawakujua kabisa kwamba kile kitu kina sauti. Tani Kumi akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa nguvu: moja, mbili, tatu, nne. Ilipofika ya mwisho alikuwa amebakiwa na kidole kimoja.

"Tisa," akasema, akamgeukia shemeji yake. "Imepiga tisa. Saa yako mwenyewe, kwa mdomo wake, inasema hii ni tisa. Sasa nani alikosea?"

Mume wangu akatazama juu. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tisa, na ilikuwa saa tatu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo ya mtu, mpaka machozi yakatoka, na kaka yangu akawa anampiga mgongoni, na mwenyekiti naye akacheka bila kujua anacheka nini, kisha akamwambia ya stesheni ataletewa kesho. Pembeni yao mama mmoja wa vitunguu alivua saa yake ya mkononi, akaitikisa, akaitazama ile ya langoni, akarekebisha yake. Akamuuliza mume wangu kama anatengeneza na hizi ndogo.

Kaka yangu alipoondoka na ngazi yake, tulibaki wawili kwenye gari, milango wazi. Nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Kile kikaratasi niliandika vibaya mimi," nikasema. "Wewe ulinitamkia sawa."

"Najua."

"Na lile neno la mwezi wa kwanza, la kufunga duka. Nalo nilikosea. Naomba unisamehe, baba watoto. Limeniuma kila siku."

Alishika usukani, akatazama langoni, kwenye saa yake.

"Miezi mitano na siku tisa," akasema.

"Nini?"

"Tangu uliseme." Akafikiri kidogo. "Na dakika sijui. Siku ile sikutazama saa."

Nikamshika mkono, una grisi na kila kitu, na sikuuachia mpaka ikapiga nusu.